Kasha la Bibi Lisipakwe Vanishi Ndani

Anayerithi au kununua kasha la kale lenye njumu za shaba, kama yale ya Unguja na Lamu, asikimbilie kulipaka vanishi kwa ndani, kwa sababu harufu ya udi na ya kanga zilizohifadhiwa humo kwa miaka mingi imekwisha kuingia katika mbao zenyewe, na vanishi huiziba. Yatosha kulipangusa kwa kitambaa kikavu na kuliacha wazi kivulini. Unga mpya wa mbao chini ya vitundu ni dalili kwamba wadudu wangali hai. Hapo fundi aitwe mapema. Njumu husuguliwa kwa ukwaju, ila maji yake yasiachwe yakakaukia kwenye mbao. Kijisanduku cha ndani pembeni kikaguliwe kwanza, maana ndimo bibi zetu walimoweka vipuli na hati.