Blashi ya krimu kwa hali ya hewa ya Dom (Dodoma)

Jamani Dom pakavu, na mwezi wa sita mpaka wa nane upepo unakausha uso kabisa, ndo mana blashi (rangi ya mashavu) ya krimu inakaa poa kuliko ya unga, ya unga inashika kwenye ngozi iliyobabuka inatokea madoadoa. Rangi sasa. Kama we mweusi achana na pinki iliyopauka, utaonekana umepakwa majivu, chukua rangi ya zabibu au nyekundu ya tofali. Mwenye ngozi ya maji ya kunde hata pichi inamkubali. Dukani usiamini taa zao, paka kidogo mkononi toka nje uangalie.

Kupaka: mafuta kwanza, yaache yakolee, fondesheni (ile ya kusawazisha rangi ya uso) kama unatumia, blashi, poda mwisho kabisa, ukitanguliza poda itaganda mabakabaka. Chovya kidole cha pete, kidogo jamani!, kigusishe kwanza nyuma ya mkono kupunguza, halafu pigapiga juu ya mfupa wa shavu ukipandisha kuelekea sikioni, usisugue, na karibu na pua usisogee, acha nafasi ya vidole viwili. Ikizidi usifute, gongagonga na sponji yenye mabaki ya fondesheni. Kama unapanda boda weka poda kiduchu juu, vumbi la huku linanata kwenye krimu balaa.