SOMO: Pinboli ya kwanza nyumbani, jinsi ya kuitunza mwenyewe kabla hujaanza kununua mabodi

Wakuu habari za wikendi. Kuna wadau wawili watatu waliniomba niandike hili toka niliposema nimenunua pinboli, nikawa napiga danadana, leo kuna theluji nje hamna pa kwenda basi ngoja niandike.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, pinboli ni lile sanduku refu la mbao lenye miguu minne ya chuma na kioo juu, unarusha goroli ya chuma inapanda huko inagongagonga vitu inarudi, na we unaizuia isizame kwa vile vikono viwili vya chini vinaitwa flipa. Mi niko Illinois, nje kidogo ya Chicago, na huku ndo kwao hasa, kampuni kubwa za kuzitengeneza, Gottlieb, Bally, Williams, zote zilikuwa Chicago, na Stern mpaka leo wanatengeneza hapa jirani Elk Grove Village. Yangu ni Fish Tales ya Williams ya mwaka 1992, nilimkuta nayo mzee mmoja kwenye besimenti yake imekaa miaka haijawashwa. Nilivoona ni ya mambo ya uvuvi nikajua hii ni yangu, maana mi mtoto wa Kigamboni nimekua na wavuvi wa kuongeza urefu wa samaki kila wanaposimulia, na huu mchezo ndo habari yake hiyo hiyo, kuna hadi samaki wa plastiki juu ya kichwa cha mashine (lile sanduku la wima la nyuma lenye skrini na michoro) anatingisha mkia.

Sasa kabla ya hatua zenyewe niwape aibu yangu. Mwezi wa kwanza flipa ya kulia ilikuwa dhaifu, goroli haifiki juu. Nikasoma soma mtandaoni nikajidai mtaalamu, nikasema hii ni transista (kijiswichi cha kielektroniki) ya bodi, ile sahani ya saketi za umeme, nikanunua bodi nyingine dola mia mbili na kitu, nikafunga, flipa ile ile, udhaifu ule ule. Kumbe ni kipande cha chuma cha dola chache tu kimechakaa chini ya uwanja, yaani ule ubao goroli inapotembea. Kwa iyo somo zima hili lina mpangilio mmoja, uchafu kwanza, vitu vinavyocheza pili, waya na konekta (plagi ndogo za kuunga waya na bodi) tatu, bodi mwisho kabisa. Ukigeuza huo mpangilio utalia.

HATUA YA 1: UMEME
Chomoa waya ukutani. Sisemi zima swichi, nasema CHOMOA. Koili (waya uliozungushwa, ukipata umeme unavuta chuma) za hizi mashine za miaka ya 90 zinatumia volti 50 mpaka 70 hivi, na ile skrini ya nukta za rangi ya chungwa inataka volti zaidi ya 100, na kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) zinabaki na chaji hata baada ya kuzima, kwa iyo subiri dakika kadhaa kabla hujaingiza mkono. Toa pete na saa. Kuna mashine za baadaye zikifunguliwa mlango wa sarafu umeme wa koili unakatika wenyewe, usiitegemee hiyo.

HATUA YA 2: KUFUNGUA
Fungua mlango wa sarafu kwa ufunguo, ndani ingiza mkono kuna wenzo, uvute, ule mchuma mpana wa mbele unaoweka mikono utanyanyuka. Sasa kioo kinateleza kuja kwako. Hiki kioo ni kama cha gari, ukikipiga katikati kinavumilia ila kona yake ikigusa sakafu ya vigae au zege kinapasuka chote kama punje za chumvi ya mawe. Kiweke juu ya zulia au blanketi. Mi cha kwanza nilikiegemeza ukutani jikoni, sitaki kuongea zaidi.

Afu TOA GOROLI ZOTE kabla hujanyanyua uwanja. Ukisahau zitabingirika kwenda kugonga kioo cha kichwani, na hicho chenye michoro kukipata ni shughuli.

HATUA YA 3: BETRI, kabla ya kitu kingine chochote
Mashine za kizazi cha hii yangu zina betri tatu ndogo za AA kwenye bodi kuu ndani ya kichwa, zinatunza rekodi na mipangilio. Betri zikizeeka zinavuja, ule uchafu unashuka unakula njia za shaba kwenye bodi, na hapo ndo utanunua bodi kwa sababu ya kweli. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, toa betri, safisha kwa siki nyeupe kidogo na mswaki laini (siki inaua ile alkali), afu futa kwa spiriti, acha ikauke vizuri. Ya kwangu zilikuwa zimeanza kuvuja kidogo, bahati. Baada ya hapo nikahamisha kibebea betri mbali na bodi kwa waya mrefu, na tarehe nimeandika kwa maka peni, kila mwaka nabadilisha. Ukiwasha mashine ikakwambia imerudisha mipangilio ya kiwandani, ujue betri zimekwisha au hazigusi vizuri.

HATUA YA 4: USAFI
Hapa ndo penyewe. Ule vumbi mweusi unaouona sio wa nyumba tu, ni chuma na raba na plastiki vinasagika humo ndani kila siku, goroli inaubeba inauzungusha kama msasa juu ya rangi. Goroli yenyewe ni chuma cha milimita 27 gramu 80 hivi, ikiwa na michubuko inakwangua uwanja kila mchezo. Kwa iyo siku ya kwanza kabisa nunua goroli mpya, ni bei ndogo, ishike kwenye mwanga, isipokuonyesha sura yako kama kioo usiiweke.

Fyonza vumbi kwa vakyumu yenye brashi laini. Usitumie maji, usitumie ile dawa ya kusafishia madirisha, mbao inavimba na rangi inanyanyuka. Mi natumia nafta (kiyeyushi cha jamii ya petroli) kwa uchafu sugu na dawa ya Novus namba 2 kung'arisha, kitambaa laini, taratibu, ukiona rangi imetoka kwenye kitambaa acha hapo hapo. Mwisho paka nta ya karnauba, ile ya magari isiyo na chembe za kukwangua, tabaka jembamba, futa. Utashangaa goroli ilivo na kasi, mpaka utadhani mashine imebadilika.

Raba zote toa weka mpya, zinauzwa seti kwa jina la mashine yako. Piga picha kwanza!! Picha nyingi, kila kona. Mi nilijiamini nikabaki na raba moja mkononi sijui ilikuwa wapi, nikazunguka nayo jioni nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo.

HATUA YA 5: FLIPA
Flipa ni koili, ndani ya koili kuna mrija wa plastiki, ndani ya mrija kuna chuma kinachovutwa kwa nguvu, kinagonga kizuizi kule mwisho. Kwa miaka kile chuma na kizuizi vinagongana mpaka kichwa kinatanuka kama uyoga, mrija unachakaa, kiungo kinalegea, na nguvu yote inapotelea humo. Hiyo ndo ilikuwa ya kwangu. Dawa ni kununua seti ya kukarabati, fungua kwa spana ya L, badilisha mrija, chuma, kiungo, kizuizi na springi. Fanya flipa zote mbili kwa mpigo, ukifanya moja utacheza kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Ukirudisha acha nafasi ndogo sana ya flipa kupanda na kushuka, ikibana kabisa itakwangua uwanja.

Na mita ya umeme ipo? Koili ya flipa ina mizunguko miwili, ule wa nguvu unasoma omu chache tu na ule wa kushikilia unasoma zaidi ya 100. Ukikuta wa nguvu unasoma karibu na sifuri hiyo koili imekwisha, usiiwashe maana itaondoka na transista.

HATUA YA 6: SWICHI
Mashine inajua goroli iko wapi kwa swichi tu, na hapa Williams waliturahisishia, ndani ya mlango wa sarafu kuna vitufe vinne, kwa jaribio hili tu iwashe, bonyeza uingie kwenye menyu ya majaribio, ya kwanza kabisa ni ya swichi. Gusa kila swichi kwa kidole, skrini ikutajie jina lake. Pia ukiona nukta baada ya idadi ya kredi kwenye skrini, hiyo ni mashine inakwambia kuna kitu hakiko sawa, fungua ripoti usome. Swichi moja ikigoma, ni uchafu au bledi (vile vibati viwili vya swichi vinavyogusana) imepinda, chomoa waya tena, ingiza kipande cha kadi ngumu katikati ya bledi, bana kidogo, vuta. Usitumie tupa wala msasa, hizo ncha ndogo zina dhahabu juu yake utaikwangua yote. Ila zikigoma nane kwa mpigo usizifungue zote nane, zimeunganishwa kwa safu na mistari, tafuta waya mmoja wa pamoja uliokatika.

HATUA YA 7: TAA NA KONEKTA
Kama upande mzima wa taa umezima, usikimbilie balbu, nenda kwenye konekta za bodi ya umeme. Za kizazi hiki zinaungua zinakuwa kahawia kwa sababu zile balbu za kizamani zinavuta umeme mwingi. Badilisha konekta na pini zake zote mbili, upande wa waya na upande wa bodi. Mi nikaweka LED, joto limepungua, japo wenye roho za kizamani wanasema mwanga wake hauna utamu, na kiukweli kidogo wana haki.

HATUA YA 8: KUIKALISHA
Weka pima maji kulia kushoto iwe sawa, afu inua miguu ya nyuma mpaka uwanja uwe na mteremko wa digrii 6.5 hivi. Simu ina programu ya kupima, iweke juu ya uwanja wenyewe sio juu ya kioo.

MASWALI

Mdau wa Dallas: Mkuu shukrani kwa somo. Yangu nikiacha kucheza kidogo inaanza kupigapiga yenyewe taka taka taka, watoto wanasema ina majini. Nifanyeje?
Jibu: Haina jini mkuu, inatafuta goroli. Haijui goroli iko wapi so inafyatua koili zote ili kama imekwama itoke. Angalia kwanza goroli haijakwama nyuma ya rampu. Kama zote zipo kwenye mtaro wa chini, basi swichi mojawapo ya mtaro haisomi, rudi hatua ya 6.

Dada wa Minnesota: Kaka, mume wangu kapuliza WD-40 kwenye flipa zote juzi, sasa zinanata. Naomba usinicheke.
Jibu: Sicheki dada, karibu kila mtu kafanya. Mwambie shemeji ile mirija inatakiwa iwe mikavu kabisa, mafuta yanashika vumbi inakuwa gundi, na ile kitu inawaka moto kukiwa na cheche. Msiwashe. Fungueni, futeni vyuma kwa spiriti, mirija itupeni wekeni mipya, ni senti tu.

Mdau: Fyuzi inakata kila nikiwasha, nimeweka kubwa zaidi sasa haikati. Iko poa?
Jibu: ZIMA SASA HIVI. Fyuzi imeacha kukata kwa hiyo kinachofuata kuungua ni koili au bodi au nyumba. Rudisha saizi iliyoandikwa kwenye kitabu, afu chomoa konekta moja moja mpaka fyuzi isikate, hapo umejua shoti iko upande gani.

Mdau wa Houston: Nataka kuisafirisha yangu kwenda Dar nikistaafu. Si umeme wa volti 230 huko, itakubali?
Jibu: Za Williams za miaka hiyo transfoma yake ina plagi ya kubadilisha waya iende 230, mchoro upo kwenye kitabu cha mashine. Fyuzi kuu na ile varista (kinga ya umeme ukizidi) pembeni yake nazo lazima ziwe za volti za huko, ukiacha za 120 varista inapasuka siku ya kwanza. Ila mi hofu yangu sio umeme mkuu, ni chumvi ya pwani. Usiiweke barazani, iweke ndani penye AC, na ubebe akiba ya raba, mirija, goroli na fyuzi kwenye begi lako mwenyewe. Na kuinyanyua ni watu wawili au watatu, ina kilo zaidi ya 100, kichwa kilazwe kwanza.

Mdau: Baba mkwe alikuja akaiona akasema nimeingiza kamari ndani ya nyumba. Nimjibu nini?
Jibu: Hakuanza yeye, New York waliipiga marufuku kabisa mwaka 1942 wakisema hivo hivo, hadi 1976 ndo wakairuhusu. Na mwanzoni kweli ilikuwa bahati tu maana flipa hazikuwepo, zimekuja 1947. Usibishane naye, mpe goroli tatu acheze. Wa kwangu sasa akija anauliza kama mashine imewashwa kabla hajauliza wajukuu.

Mdau wa Kansas: Nimefungua nimekuta goroli tano, kitabu kinasema tatu, na huwa inanirushia mbili kwa mpigo bila sababu.
Jibu: Sababu ndo hizo mbili mkuu. Zitoe.