Kurekodi kundi la matarumbeta kwa ajili ya televisheni wakati wa baridi

Mwongozo huu ni kwa walimu wa matarumbeta wa huku kwetu, kuanzia Tukuyu na Mbeya mjini hadi Makete, Njombe na Iringa, ambao wameambiwa kamera zinakuja kanisani mwezi wa sita au wa saba. Noti na nyimbo mnazijua, kwa hiyo sitazigusa. Nitashika yale yanayoharibu siku.

1. Ulizeni kwanza sauti inachukuliwa lini

Kuna njia mbili: sauti na picha kwa pamoja, au sauti kwanza kisha mnapigwa picha huku wimbo unachezwa kwenye spika, yaani pleibeki. Kwa kundi la watu zaidi ya kumi, chagueni pleibeki. Sauti mnaweza kuirekodi usiku, mvua ikiwa imetulia juu ya bati na jenereta la jirani limezimwa; picha mkaichukua mchana. Kupiga vizuri na kuonekana vizuri kwa wakati mmoja ni kazi mbili.

2. Mavazi

Mistari myembamba na draftidrafti hucheza kwenye kamera. Nyeupe tupu huungua chini ya taa. Vaeni rangi moja iliyotulia. Basi.

3. Mafuta, jioni ya kuamkia siku hiyo

Mafuta ya cherehani ambayo wengi wanatumia kwenye valvu (vile vitufe vya kubonyeza) yanafaa mchana wa Dar es Salaam. Kwenye baridi yanakuwa mazito, na valvu inarudi juu kwa uvivu hasa kwenye noti za haraka. Tafuteni mafuta ya valvu yenyewe, matone matatu kila moja yanatosha. Mafuta ya mgando yabaki kwenye mabomba ya kutyunia (kulinganisha sauti) tu, yasiguse valvu kabisa. Mafuta ya kupikia hata msiyataje.

4. Kutyuni

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo someni taratibu.

Sauti ya chombo cha kupuliza hufuata joto la hewa iliyomo ndani yake. Kila nyuzi joto moja ikishuka, sauti inashuka karibu senti 3, na senti 100 ndiyo nusu toni. Kanisa lenye nyuzi 12 asubuhi likilinganishwa na nyuzi 22 za mchana ni tofauti ya karibu senti 30 kwa chombo kilichopoa kabisa. Mwimbaji wa kawaida anaisikia hiyo. Kinanda cha umeme, kwa upande wake, hakisogei hata kidogo, na ndiyo maana kinaonekana kimepanda. (Kimo cha Mbeya cha mita 1,700 na ushei hakihusiki, ingawa mafundi wengine watawaambia hivyo.)

Kwenye tarumbeta la B flati, kurudisha senti 30 kunadai bomba la kutyunia liingie ndani zaidi ya sentimita moja. Mara nyingi nafasi hiyo haipo: bomba limefika mwisho na bado sauti iko chini. Wapigaji wanaanza kubana midomo ili kuipandisha, na kufikia ubeti wa tatu midomo imechoka. Msiruhusu hilo.

Fanyeni hivi. Vyombo vitolewe kwenye maboksi saa nzima kabla, vilazwe juu ya mablanketi, visiwekwe kwenye sakafu ya sementi. Mausipisi, vile vipande vya kupulizia, zikae mfukoni au kwapani. Kisha kila mpigaji apulize pumzi ya joto bila kutoa sauti kwa dakika mbili au tatu, valvu zote zikiwa zimebonyezwa ili pumzi ipite kwenye mabomba yote. Fuatisheni nyimbo za taratibu kwa dakika 15. Kabla ya hapo hakuna kutyuni, hata kama fundi wa sauti anaharakisha. Ukityuni vyombo vikiwa baridi, matarumbeta yatapanda yakishapata joto na tuba itabaki chini, maana bomba la tuba ya B flati lina urefu wa zaidi ya mita tano na pumzi inachelewa kulipasha lote.

Kwa sababu hiyo hiyo, anzeni na tuba. Bomba lake la kutyunia liingie lote ndani, apige noti ndefu, msome kwenye tyuna ya simu. Hapo alipofika ndiyo sauti ya kundi siku hiyo. Wengine wote wamfuate yeye. Kumbukeni tyuna husema sauti halisi: mwenye tarumbeta la B flati akipiga C yake, simu inaonyesha B flati. Wapiga tromboni waache nafasi ya kwanza ikiwa imetoka kidogo, wapate pa kuingilia wakihitaji kupandisha.

Kinanda kikiwepo, kishusheni kiwafuate ninyi. Vinanda vingi vina sehemu ya kubadilisha Hz 440, yaani mitetemo kwa sekunde ya noti ya A. Hz moja hapo ni karibu senti 4, hivyo 436 inashusha takribani senti 16. Andikeni namba hiyo kwenye karatasi ya kurekodia, kwa sababu atakayeongeza gitaa wiki ijayo akiweka 440 atawalaumu ninyi. Mimi ningekiondoa kinanda kabisa.

Msiwashe jiko la mkaa ndani mkafunga milango. Hewa yake inaua, na kila msimu wa baridi inaua watu. Kukanga chombo juu ya moto nako hakusaidii. Bati la chombo linapata joto, hewa ya ndani inapoa tena dakika hiyo hiyo.

Kati ya rekodi moja na nyingine endeleeni kupuliza kimya kimya. Mkikaa dakika kumi mkizungumza, rekodi ya pili haitaungana na ya kwanza. Maji nayo hujaa haraka kwenye baridi, na chombo kinaanza kukoroma kama uji unaochemka: mwageni kila mnaposimama.

5. Pleibeki

Ombeni faili la sauti la kilohezi 48, yaani sauti iliyopimwa mara 48,000 kila sekunde, ndicho kipimo cha televisheni. Faili la 44.1 likisomwa vibaya kama 48, wimbo wa dakika 3 unaisha kwa dakika 2 na sekunde 45, na sauti inapanda karibu nusu toni moja na nusu. Pimeni urefu kwa saa ya simu kabla ya kuanza.

Kabla ya wimbo yawepo mapigo manne ya kuhesabia, mvute pumzi pamoja. Spika iwe mita tatu au nne mbele yenu, nyuma ya kamera. Sauti inachukua karibu milisekunde 40 kusafiri mita 14, na kamera ya hapa kwetu hupiga picha 25 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 40. Spika ikiwa mwisho wa kanisa, vidole vyenu vimechelewa picha nzima.

Pigeni kweli, kwa sauti ndogo. Anayeigiza anajulikana: mashavu yamelegea na mkono wa tromboni uko nafasi isiyo yake. Ngoma ifunikwe kitenge. Mwalimu apige kofi moja mbele ya kamera kila mwanzo. Mhariri atalinganisha sauti kwa kofi hilo.

6. Siku ya picha

Karatasi za noti zibanwe kwa vibanio vya nguo. Kila mtu akumbuke aliposimama, mkono gani ulishika chombo na kofia ilikaaje, maana rekodi ya nne itakatwa na kuunganishwa na ya kwanza. Noti ya mwisho ikiisha, vyombo vibaki mdomoni hadi mwongozaji aseme tosha.