Umegongwa na gari Uganda, na tiketi ya kurudi iko mfukoni

Swali la kwanza si kama gari lililokugonga lina bima. Ni bima gani. Stika ya kwenye kioo kwa kawaida ni ya bima ndogo, ile ya lazima ya kufidia watu wengine, na sheria ya Uganda ya 1989 iliiwekea ukomo wa shilingi 1,000,000 kwa kila aliyeumia na 10,000,000 kwa ajali nzima. Upasuaji mmoja wa mguu katika hospitali binafsi ya Kampala unazimeza na bado unadai zaidi. Mwenye bima kubwa, inayofunika pia gari lake mwenyewe, mara nyingi ana kifungu cha kulipia majeraha ya watu wengine kwa kiwango cha juu zaidi, kwa hiyo omba kuuona mkataba wenyewe wa bima, usiishie kwenye stika. Asiyekuwa nayo utamdai yeye binafsi, pamoja na mwajiri wake kama alikuwa kazini. Bodaboda wengi hawana hata hiyo ndogo. Lori la Kenya lililoingilia Malaba, au la Tanzania lililopitia Mutukula, linapaswa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka: piga picha ya namba yake.

Likizo ikiisha watu hupanda ndege na bandeji, wakiwa wamemwachia shemeji namba ya simu ya dereva. Hilo si faili la madai. Kabla ya kupanda ndege Entebbe hakikisha ajali imeandikishwa kituo cha polisi na una namba ya kumbukumbu, fomu namba 3 ya polisi imejazwa na daktari, na umeomba ripoti ya trafiki pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Usome mchoro huo palepale. Mchoro ukionyesha ulikuwa katikati ya barabara ilhali ulikuwa ukingoni, kampuni ya bima itakukata asilimia kwa uzembe wako, na kurekebisha mchoro ukiwa Manchester ni kazi ngumu. Namba za mashahidi zichukue mwenyewe.

Halafu hati ya uwakilishi, ya kumpa mtu mamlaka ya kukufuatilia madai ukiwa nje. Mtaje mtu mmoja, na uandike wazi anachoruhusiwa: kufuatilia ripoti, kumwajiri wakili, kupokea barua. Mamlaka ya kukubali kiasi na kusaini kufunga madai yabaki kwako. Hati hiyo husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa nyaraka na kampuni. Ukishaondoka, utalazimika kuisaini mbele ya notari huko uliko na pengine kupitia ubalozi.

Sasa hesabu. Fidia ina mafungu mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni hasara yenye risiti, ambayo mahakama za Uganda hutaka ithibitishwe senti kwa senti. Tuseme hospitali na dawa shilingi 7,200,000, teksi za kwenda kliniki 600,000, mazoezi ya viungo mara 12 kwa 60,000, yaani 720,000: jumla 8,520,000. Ongeza mshahara uliopotea ughaibuni, wiki 6 kwa pauni 450, ambazo ni pauni 2,700. Ambatisha hati za mshahara za miezi iliyotangulia, barua ya mwajiri inayosema hukulipwa, na kiwango cha kubadilisha fedha cha Benki Kuu ya Uganda cha tarehe uliyokokotoa. Bila barua hiyo bima hulipuuza dai zima la mshahara. Fungu la pili ni maumivu na ulemavu. Hili halina risiti. Hupimwa kwa ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu, na kwa hukumu za kesi zinazofanana, ambazo wakili wako anapaswa kuzitaja kwenye barua ya madai.

Ofa ya kwanza huja mapema, mara nyingi plasta haijatolewa, ikiwa na vocha ya kusaini kwamba hutadai tena. Ukisaini, na miezi 8 baadaye chuma cha mguuni kikalegea, gharama ni zako. Jibu kwa maandishi, lenye maneno "bila kuathiri haki zangu", fungu kwa fungu, na uwaulize wamepunguza wapi na kwa nini. Makubaliano ya kituoni ya "tuyamalize kindugu" kwa laki tatu za mobile money yana hatari ileile.

Wakitulia kimya usisubiri milele. Kesi ya majeraha yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Gari likiwa la serikali, lenye namba ya UG, ni miaka 2. Mazungumzo hayasimamishi saa hiyo. Kabla ya mahakama, lalamika kwenye Mamlaka ya Bima, inayosimamia kampuni za bima, Insurance Tower, barabara ya Lumumba, Kampala, ukiambatisha barua zote ulizoandikiana na kampuni.

Waliozoea Marekani watauliza wakili wa kulipwa asilimia ya ushindi. Kanuni za mawakili Uganda zinamkataza kugawana na mteja kile mahakama itakachotoa. Patana ada kwa maandishi, na uone cheti chake cha uwakili cha mwaka huo. Fedha zikitoka, iandikie kampuni ya bima moja kwa moja ikutumie barua ya kiasi kilicholipwa na tarehe, kisha ulinganishe na kilichoingia kwako.