Pesa imetumwa, kwangu haijaingia: fuata hatua hizi kabla ya kumwambia atume tena

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Wete, Pemba, na msimu wa karafuu ndio ninapouona mtihani huu kila siku. Mtu kaambiwa "nimeshakutumia", anatazama simu, hamna kitu. La mwanzo analolifanya ni kumpigia mwenziwe atume tena. Tafadhali usifanye hivyo. Mchumaji mmoja wa Kangagani alitumiwa ujira wake mara mbili namna hiyo, na jioni pesa zote mbili zikaingia. Akarudisha moja kwa makato yake mwenyewe, kutoka kwenye ujira wa kuchuma kwa pishi. Niliumia kumtazama.

Pesa ikitumwa haiyayuki. Iko kwako hujaiona, au bado kwa mtumaji, au kwa mtu mwengine, au njiani. Tunaitafuta kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Tazama salio, usitazame meseji

Pesa inaweza kuingia na meseji isije. Kitochi kikijaa meseji hakipokei nyengine, na simu janja huweza kuipeleka kwenye meseji taka. Hata programu ya simu, bando likiisha, inaweza kukuonesha salio la asubuhi. Kwa hivyo piga menyu yenyewe, haihitaji bando: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (ndiyo Tigo Pesa ya zamani), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa. Angalia salio, kisha angalia miamala ya mwisho. Mwenye laini mbili aangalie zote mbili.

Hatua ya 2: Muombe mtumaji meseji yake yenyewe

Mwambie akusambazie ile meseji aliyoipata baada ya kutuma. Picha ya skrini hainitoshi mimi, maana huweza kuwa ya juzi. Unataka vitu vinne: namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa, na jina pamoja na namba ya aliyepokea.

Saa iangalie vizuri. Meseji ikiandika 3:10 PM, hiyo ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Nimeona watu wakibishana na mhudumu kuhusu muamala wa saa tatu ambao haupo.

Kama hana meseji, aangalie salio lake. Halijapungua? Basi pesa haijatoka kwake, na huyo ndiye pekee anayeweza kujaribu tena. Limepungua na meseji hana? Muamala uko njiani. Aitafute namba ya kumbukumbu kwenye orodha ya miamala yake.

Hatua ya 3: Soma jina, herufi kwa herufi

Hapa ndipo shida nyingi zinapofumbuka.

Jina si lako na namba imekosewa tarakimu: mtumaji apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, saa hiyo hiyo. Wewe mpokeaji huna la kufanya, kwa sababu muamala si wako. Kila dakika ina thamani, maana aliyepokea akishatoa kwa wakala, kurudishwa ni vigumu sana.

Jina ni la duka lako: amelipa kwenye Lipa Namba, na pesa imekwenda kwenye akaunti ya biashara, siyo laini yako ya kawaida. Iangalie huko.

Jina ni la kaka yako au mjomba: laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Pesa ya hapa nchini utaipokea, lakini anayekutumia kutoka Muscat akiandika jina lako, na laini inasema jina jengine, muamala unaweza kukwama. Piga *106# uone usajili wa laini yako. Kama si wako, nenda na mwenyewe kwenye duka la mtandao mukaubadilishe.

Na kama ulihama mtandao ukabaki na namba yako ile ile, jambo linalowezekana Tanzania tangu 2017, mwambie mtumaji achague mtandao uliopo sasa. Wengi huona namba inaanza na 0777 wakachagua mtandao wake wa zamani kwa mazoea, na muamala ukagoma.

Ikiwa pesa imetoka benki, malalamiko yaanzie benki ile iliyotuma.

Hatua ya 4: Piga 100

Jina lako, namba yako, na salio halikupanda? Mtumaji apige kwake, na wewe upige kwa laini yako. Msomee mhudumu namba ya kumbukumbu, na muombe namba ya malalamiko. Iandike kwenye karatasi pamoja na saa uliyopiga. Mhudumu wa kweli hakuulizi namba ya siri, anayeiuliza mkatie.

Ukiona siku zinapita bila jibu, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao, na karatasi yako mkononi. Wakikushinda na hapo, kuna Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja. Itakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma. Karatasi ile ndiyo jawabu.

Hatua ya 5: Ukipigiwa na usiyemjua

Wakati unahangaika, atakuja mtu: "Ami, nimekosea kukutumia, nirudishie." Rudi hatua ya 1. Kama salio halikupanda, hukutumiwa kitu, hata meseji iwe nzuri namna gani. Meseji ya kweli hubeba jina la huduma, haitoki kwenye namba ya mtu. Na kama kweli imeingia pesa usiyoijua, usiitoe na usiirudishe kwa namba unayopewa kwenye simu. Mwambie apige kwenye mtandao wake nao wairudishe. Ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" usiijibu. Ripoti namba yake kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, halafu mpigie yule uliyekuwa unamngojea, kwa namba uliyoizoea, umuulize ile namba ya kumbukumbu.