Bendera ya Marekani ikija Tukuyu na jeneza

Kaka yangu alikuwa askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, akaondoka jeshini kwa heshima, akafia Texas. Tulimzika kwetu Tukuyu, chini ya migomba, mvua ikinyesha kama ilivyo ada yake. Mwili ulikuja na bendera iliyokunjwa pembetatu, maana heshima za kijeshi alishapewa kulekule. Saa moja haijapita, baba mkubwa akaamuru marehemu afunikwe nayo, aende nayo kaburini. Kwa kwetu ni jambo la kawaida, nguo ya maiti ni ya maiti. Kwa bendera hii sivyo, na ikabidi mimi, mdogo kuliko wote, nimwambie mzee mbele za watu. Kama una ndugu aliyetumikia jeshi lile, haya yajue kabla ya msiba.

Kwanza karatasi, na hizi zishughulikiwe kulekule kabla mwili haujasafirishwa. Bendera hutolewa bure na idara ya wastaafu wa jeshi kwa fomu 27-2008, pamoja na cheti cha kuachia jeshi kiitwacho DD 214. Mhudumu wa mazishi wa kule huisaidia familia kuijaza. Hutolewa moja tu kwa kila marehemu, na ikipotea hawatoi nyingine. Heshima zenyewe ni haki ya kisheria tangu 2000, familia ikiomba: askari wasiopungua wawili wenye sare, bendera kukunjwa na kukabidhiwa, na tarumbeta. Usipoomba, usitegemee kuona mtu.

Sasa nyumbani. Bendera ina upana wa kama mita 1.5 na urefu wa karibu mita 2.9, hivyo inafunika jeneza zima. Sehemu ya buluu yenye nyota ikae kichwani, juu ya bega la kushoto la marehemu. Bega lake yeye, si lako uliyesimama mbele yake! Hapo tulikosea, vijana wakaanza kuizungusha na pembe moja ikagusa tope kidogo.

Wakati wa kuaga, kifuniko cha juu kikifunguliwa, bendera ikunjwe tabaka tatu juu ya nusu iliyofungwa, buluu ikiwa juu, karibu na uwazi, upande wa kushoto wa marehemu. Mashada ya maua yakae kando, wala picha isibandikwe juu yake. Mama zetu wa kanisani walikuwa na mashada saba. Tuliyapanga kwenye benchi.

Kabla ya kushusha jeneza, bendera itolewe. Sheria yao inasema isishuke kaburini wala kugusa ardhi. Haina adhabu kwa raia, hakuna polisi wa Marekani atakayekuja Rungwe, ila nilimwambia baba mkubwa kwamba kaka aliitumikia na tumfanyie kama alivyozoea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, toeni."

Kukunja kunahitaji watu wawili, bora wanne, na wafanye mazoezi na shuka usiku wa mkesha. Ishikwe usawa wa kiuno, ikunjwe nusu kwa urefu, kisha nusu tena, buluu ikibaki nje. Aliye upande wa mistari aanze kukunja pembetatu, pembe ifuate ukingo, azidi kuelekea kwenye nyota, na mwisho uingizwe ndani hadi ionekane buluu peke yake. Ni mikunjo 13. Mkisoma mtandaoni maana ya kila mkunjo, jueni hazimo katika sheria. Mchungaji wetu alitaka kuzisoma, tukamwomba asome Zaburi.

Anayekabidhiwa ni ndugu wa karibu, na mke hutangulia. Hapa palikuwa na mvutano, kwani mama aliona mwana ni wake. Kamati ya mazishi izungumze na pande zote mapema. Anayetaka nyingine anaweza kununua. Sisi wifi alipokea kwa mikono miwili akiwa ameketi, mama akiwa kando yake.

Baada ya hapo isitundikwe nje, kitambaa na ukubwa wake havifai jua na mvua za huku. Iwekwe kwenye kisanduku chenye kioo. Wifi aliondoka nayo kwenye mkoba wa mkononi, hakuitumbukiza kwenye begi la ndege. Mama alibakia na kitenge kilichofunika jeneza kutoka Dar, na mpaka leo kimekunjwa kitandani kwake, pembetatu.