Somo: Kuchachusha peili eli ya kopo na kujua kilevi chake ni asilimia ngapi

Wakuu, salaam. Wengi mmenunua kopo la kimea la peili eli (bia ya rangi nyepesi, kwa Kiingereza "pale ale"), mkachanganya, mkanywa, kisha mnaniuliza, "Hii bia yangu ina asilimia ngapi?" Lebo ya kopo haiwezi kukujibu, kwa sababu haijui umeweka maji kiasi gani wala sukari gani. Jibu linatoka kwenye vipimo viwili: kimoja kabla ya hamira, kingine hamira ikishamaliza kazi. Cha kwanza kikikupita, hukipati tena.

Mimi naishi Leeds. Hapa Uingereza leseni ya kutengeneza bia nyumbani iliondolewa mwaka 1963, mradi usiuze. Ukiwa nchi nyingine, ulizia kwanza sheria ya hapo.

Hatua ya 1: Usafi. Ndoo ya kuchachushia, mfuniko, mwiko, haidromita (kifaa kinachoelea na kuonesha uzito wa kimiminika; maji matupu husoma 1.000, sukari huipandisha namba), mpira wa kuhamishia bia, vyote vioshwe, kisha vipite kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hapa hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2: Kuchanganya. Weka kopo (kwa kawaida ni kilo 1.7) kwenye maji ya moto dakika kumi ili uji wa kimea ulainike. Mimina ndooni na lita 2 au 3 za maji yaliyochemka, tia kilo 1 ya sukari au ya unga wa kimea, koroga mpaka viyeyuke, halafu jaza maji baridi hadi lita 23. Sasa koroga tena, kwa nguvu, dakika mbili nzima. Uji wa kimea ni mzito na huzama chini. Usipokoroga utapima maji ya juu, usome 1.028, udhani kopo lina kasoro. Kukoroga huko pia huingiza hewa ambayo hamira inaihitaji mwanzoni.

Hatua ya 3: Kipimo cha mwanzo. Chota kwenye silinda, tumbukiza haidromita, izungushe kidogo ili mapovu yasiishikilie, soma usawa wa macho. Maji yenye sukari ni mazito, kwa hiyo huinua haidromita juu. Kopo la kilo 1.7 pamoja na kilo 1 ya sukari katika lita 23 hutoa takriban 1.039. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 20. Kama mchanganyiko uko karibu nyuzi 30, ongeza 0.002 kwenye ulichosoma. Andika namba hiyo kwenye utepe, bandika ndooni. Usiiamini kumbukumbu.

Hatua ya 4: Hamira na joto. Nyunyiza hamira mchanganyiko ukiwa kati ya nyuzi 18 na 22, funika, weka kizibo cha maji, kinachotoa gesi bila kuruhusu hewa kuingia. Kesho yake povu litapanda. Kumbuka kwamba bia inayochacha hujipasha moto yenyewe: chumba kikiwa nyuzi 21, ndani ya ndoo panaweza kufika 23 au 24. Joto likizidi, hamira huzaa vilevi vizito vinavyounguza koo, na ladha ya hopsi (maua machungu yanayotiwa kwenye bia) hupotea. Likipungua sana, hamira hulala. Nikiwa na uchaguzi, naanza na 18 au 19, kisha siku za mwisho naiacha ipande hadi 21 imalizie.

Hatua ya 5: Kipimo cha mwisho. Naomba mnisikilize hapa. Kizibo kikiacha kutoa mapovu, hiyo si dalili ya kutosha kwamba bia imeiva. Mfuniko ukivuja kidogo mapovu hayaonekani, na joto likipanda mapovu hutoka hata kama kazi imekwisha. Subiri siku 10 hadi 14, pima, subiri siku mbili, pima tena. Namba zikilingana na ziko karibu na 1.006 hadi 1.012, imekwisha.

Niliwahi kujaza chupa siku ya sita kwa sababu mapovu yalikuwa yamenyamaza. Haidromita ilisema 1.018 nami nikaidharau. Wiki ya pili chupa nne zilipasuka usiku ndani ya kabati, vipande vya kioo vikaingia mpaka kwenye viatu vya watoto. Kila 0.001 ya sukari iliyobaki huzaa gesi karibu nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Zidisheni wenyewe.

Hatua ya 6: Hesabu. Toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131.25. Mfano: 1.039 toa 1.007 ni 0.032, mara 131.25 ni 4.2. Hiyo ndiyo asilimia ya kilevi kwa ujazo.

Hatua ya 7: Chupa. Nusu kijiko cha chai cha sukari kwa chupa ya mililita 500, funga, wiki mbili mahali penye joto la chumba, kisha mahali pa baridi. Sukari hiyo huongeza kilevi karibu 0.3 tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nilitumia unga wa kimea badala ya sukari. Nimeanza 1.038, imegoma 1.011. Mwenzangu wa sukari amefika 1.006. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, kaka. Sukari ya mezani huliwa yote na hamira. Kimea kina sukari nyingine ambazo hamira haizimalizi, ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Yako ni kama 3.5, yake 4.2, ila nikipewa glasi mbili nachukua yako.

Swali: Nataka ifike 6. Niongeze kilo nyingine ya sukari?

Jibu: Kilevi kitapanda, lakini bia itakuwa nyepesi na kavu kama maji makali. Punguza maji badala yake. Kopo lilelile na kilo moja ileile katika lita 20 huanza karibu 1.045, unapata kama 4.8. Kwa 6, tumia makopo mawili katika lita 17, usiweke sukari.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Dar, chumba changu ni nyuzi 30. Nitaweza?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa hamira ya kopo, weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike fulana iliyolowa, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kupigania. Ukiweza kuagiza, ipo hamira ya kienyeji ya Norway iitwayo kveik, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40.

Swali: Mama ananikataza, anasema pombe za nyumbani hupofusha watu.

Jibu: Mpe heshima yake, hofu yake ina chanzo. Kinachopofusha ni methanoli, na maafa yale hutokana na pombe kali zilizochanganywa methanoli ya viwandani. Kimea na sukari vikichachushwa na hamira hutoa methanoli kidogo mno isiyodhuru. Bibi yangu Kilimanjaro alipika mbege kwa kimea cha ulezi, uchungu akaupata kwenye gome la msesewe kama sisi tunavyoupata kwenye hopsi. Mwoneshe mama ndoo, mweleze kwamba hakuna unachokichemsha kukusanya mvuke.

Swali: Imesimama 1.020 siku ya tisa, mapovu hakuna.

Jibu: Usijaze chupa! Ipeleke penye nyuzi 21, tikisa ndoo taratibu bila kufungua ili hamira iliyolala chini iamke, mpe siku nne. Ikigoma, ongeza pakiti mpya ya hamira ya eli. Halafu pima, uniletee namba hapa.